Msimwache Askari wa Saa Kumi na Moja

Tarehe 1 Januari 2021 sheria ilipita katikati ya kila kituo cha polisi nchini Kenya ikawagawa askari kwa umri. Aliyekuwa ametimiza miaka 45 aliruhusiwa kubaki kwenye pensheni ya zamani, ile ya Sura ya 189, inayolipwa na hazina ya umma. Aliyekuwa chini ya umri huo, hata kwa wiki moja, alihamishiwa mpango mpya wa kuchangia unaowahusu watumishi wa umma, walimu, polisi na askari magereza. Na kurutu aliyehitimu chuo cha polisi cha Kiganjo baada ya siku hiyo hakupewa lolote la kuchagua. Doria yao ni moja, gari ni moja, na jambazi mwenye bunduki haulizi afande alizaliwa mwaka gani. Lakini uzee wao umepangwa kwa ngazi tatu.

Tuitazame hesabu, kwa maana wengi wameikimbia. Wa ngazi ya kwanza huhesabiwa sehemu moja kati ya 480 ya mshahara kwa kila mwezi aliotumikia. Akimaliza miaka 30, pensheni yake ni robo tatu ya mshahara aliostaafu nao, na anaweza kuchukua robo ya pensheni hiyo kwa mkupuo. Soko la hisa likianguka, yeye hatikisiki. Wa ngazi ya pili yuko katikati: miaka yake ya kabla ya 2021 inahesabiwa kwa sheria ya zamani, na iliyofuata inaingia kwenye akaunti. Wa ngazi ya tatu ana akaunti peke yake. Anakatwa asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi, na serikali inapaswa kumwongezea asilimia 15. Mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 30,000 anatoa shilingi 2,250 kila mwezi, na mwajiri analazimika kuweka 4,500. Hapo hakuna ahadi ya robo tatu. Atazeeka na akiba yake na faida iliyozaa, kubwa au ndogo.

Sisemi kwamba ya zamani ilikuwa takatifu. Haikuwa na mfuko. Kodi ya leo ndiyo iliyomlipa aliyestaafu jana, na deni likazidi kukua juu ya watoto ambao hawajaanza kazi. Tumewaona wazee waliolinda nchi hii wakipanda matatu usiku kwenda Bima House, Nairobi, kuulizia faili, wakaambiwa warudi mwezi ujao. Mfuko wenye fedha halisi, wenye wadhamini na jina la askari mwenyewe, ni kitu chema kuliko ahadi isiyo na kitu nyuma yake. Ni chema iwapo fedha zinaingia. Mahubiri yangu yote yamesimama juu ya hilo neno moja, iwapo.

Kwa maana tumeona zisipoingia. Waulizeni askari wa kaunti, wale waliorithiwa kutoka mabaraza ya miji ya zamani, wanaolinda masoko na kuzuia ujenzi haramu. Michango yao ilikatwa kwenye mishahara, kisha haikufikishwa kwenye mifuko yao ya pensheni, na madeni ya kaunti kwa LAPFUND na LAPTRUST yakafika mabilioni ya shilingi. Mtu amefanya kazi miaka ishirini na tano, hati yake ya mshahara inaonyesha makato kila mwezi, halafu siku ya kustaafu anaambiwa mwajiri hakuwasilisha! Hilo tusilipambe kwa maneno ya kiofisi. Kumkata mtu mshahara kwa ajili ya uzee wake na kuitumia fedha hiyo kwa jambo lingine ni kumwibia, na anayeibiwa ni mzee ambaye hana tena nguvu za kuanza upya.

Na nani atamsemea? Mwalimu yumo katika mpango huu huu wa mwaka 2021, lakini mwalimu ana vyama vya KNUT na KUPPET vya kupiga kelele. Polisi hana. Ibara ya 24 ya Katiba inaruhusu haki za kazi za polisi zibanwe, naye hagomi wala haandamani. Anapiga saluti na kumeza. Basi sisi tusiobanwa, tuliolala usingizi kwa sababu yeye amekesha, tukinyamaza tumeshiriki.

Jambo hili si la Kenya peke yake. Katika jiji la New York, polisi aliyeajiriwa kabla ya Julai 2009 anaweza kustaafu baada ya miaka 20 kwa nusu ya mshahara. Mwaka huo gavana wa jimbo la New York, David Paterson, alikataa kurefusha sheria ya zamani. Waliokuja baada ya hapo waliwekewa sharti la miaka 22 ili kupata pensheni ya kawaida, tena inayopunguzwa kwa sehemu ya malipo yao ya hifadhi ya jamii. Kwa nini wao? Kwa sababu Katiba ya jimbo hilo inakataza kupunguza mafao ya aliyekwisha kuingia. Serikali iliyotaka kubana matumizi ikamgeukia ambaye hajaajiriwa bado. Kijana aliyekuwa darasani hakuwa na wa kumtetea mezani.

Mnaukumbuka mfano wa wafanyakazi katika shamba la mizabibu. Walioanza alfajiri walinung'unika kwa kuwa wa saa kumi na moja walilipwa sawa na wao. Sisi tumeugeuza: wa saa kumi na moja ndiye anayepunjwa, na wa alfajiri wamekaa kimya. Maafande mliobaki kwenye pensheni ya zamani, nawasihi! Msiseme, yetu yamepita salama. Nyinyi ndio wakuu wa vituo na wa kaunti, nyinyi ndio mnaosikilizwa makao makuu. Mwiteni konstebo wenu, mketi naye, mumwonyeshe kilichoandikwa na ambacho hakijaandikwa.

Nanyi wabunge, kila bajeti ikisomwa ulizeni swali moja bila kuchoka: je, ile asilimia 15 ya kila askari imeingia mwezi huu, na mwezi uliopita? Msikubali kujibiwa kwamba imetengwa. Kutengwa si kulipwa. Na bima ya kifo msiisahau. Mwaka 2012 zaidi ya askari 40 waliuawa katika bonde la Suguta, karibu na Baragoi, wengi wao vijana waliotoka mafunzoni juzi. Sheria ya mpango mpya inataka bima isiyopungua mara tano ya mshahara wa mwaka kwa mwanachama anayefia kazini. Hakikisheni mjane hatafuti wakili ili apate kilicho chake.

Na wewe konstebo, usingoje mtu. Wiki hii chukua hati yako ya mshahara, usome mstari wa pensheni, kisha dai taarifa ya akaunti yako na uhesabu kama mchango wa mwajiri umefika kila mwezi. Ukikuta pengo, andika barua, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Tazama pia fomu ya warithi. Kama bado umemwandika mama peke yake na sasa una mke na mtoto, ibadilishe kabla hujapangiwa kazi nyingine.