Jina la Mapenzi na Jina la Cheti

Tuseme wazazi wawili wamejaliwa binti. Kabla hajatimiza mwezi, nyumba nzima imekwisha mzoea kwa jina la Dija, ambalo ni mkato wa Khadija. Baba yu tayari kwenda kuandikisha kizazi, naye auliza: Kwa nini niandike Khadija, hali hapana atakayemwita hivyo? Kwa nini mwanangu awe na jina moja la watu na jingine la karatasi? Wengi hulicheka swali hili. Sisi twaona halistahili kuchekwa, kwani ndani yake mna swali jingine zito zaidi: jina la mtu ni mali ya nani?

Wenye hekima wamebishana juu ya majina tangu zamani. Plato, Myunani, katika kitabu chake kiitwacho Cratylus, aliwaweka watu wawili wabishane: mmoja ashikilia kwamba jina hufungamana na asili ya kinachoitwa, na mwingine kwamba majina ni mapatano ya watu tu. Mwaka 1843 Mwingereza John Stuart Mill alikata shauri kwa upande wa pili. Alisema jina la mtu halielezi sifa yoyote. Hutuonyesha tu ni nani anayetajwa. Akatoa mfano wa yule mwizi wa Alfu Lela Ulela aliyetia alama ya chaki kwenye nyumba ili apate kuitambua atakaporudi. Kama ndivyo, Dija ni chaki na Khadija ni chaki, na baba yule aandike atakavyo.

Lakini tazama kasoro ya mfano huu. Nyumba ile haikujua kuwa imetiwa alama. Haikuitika ilipoitwa, wala haikuulizwa na nyumba za jirani maana ya alama yake. Mwanadamu husikia jina lake maelfu ya mara kabla hajajua kusoma, na kwa jina hilo hujifunza kuwa yeye ni mtu miongoni mwa watu. Mill alieleza vyema kazi ya jina kwa yule anayeita. Juu ya yule anayeitwa hakusema la kutosha.

Hata hivyo hoja ya baba yule si dhaifu, nasi hatutaki kuipita kwa haraka. Mtu mwenye majina mawili yasiyopatana hupata udhia mwingi. Shuleni ameandikwa hivi, kwenye cheti cha kuzaliwa vile, na kitambulisho kina la tatu. Siku ya kudai urithi au kiinua mgongo, huambiwa alete hati ya kiapo kuthibitisha kwamba watu hao watatu ni yeye mmoja. Baba anayetaka kumwepusha bintiye na taabu hiyo anafikiri kama mlezi. Walakini udhia huo hautoki katika kuwa na jina refu na mkato wake. Hutoka katika uzembe wa kuandika leo hivi na kesho vile. Mtoto aliyeandikwa Khadija kila mahali, akaitwa Dija nyumbani, hana haja ya kiapo chochote.

Katika maisha ya Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. majina ya namna zote mbili yameonekana. Imepokewa katika Hadithi kuwa alimwita Bibi Aisha r.a. kwa mkato, Aish. Na kijana Anas r.a., aliyemtumikia, alimwita kwa kumdekeza, Unais. Hadhrat Ali r.a. alipewa naye lakabu ya Abu Turab, baba wa udongo, siku alipomkuta amelala msikitini na vumbi limemshika mgongoni. Na imesimuliwa kwamba Ali hakulipenda jina lolote kuliko hilo. Basi asidhani mtu kuwa dini yauchukia mkato au utani wa upendo. Kinachokatazwa katika Kurani Tukufu, Sura ya 49, ni kuitana majina ya kudhalilishana. Lakini angalia pia: Aisha alibaki Aisha, na Ali akabaki Ali. Jina la mapenzi lilikaa ubavuni mwa jina lake bila kulifukuza.

Na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Jina la mapenzi huishi katika sauti ya anayelitamka. Dija, kinywani mwa mama, ni neno lenye historia: ni usiku wa homa, ni jino la kwanza, ni mzaha wa babu. Neno lilo hilo, likisomwa kwa sauti kavu mahakamani au likiandikwa juu ya hati ya deni, limevuliwa yote hayo. Mzazi aliandikaye mkato kuwa jina kamili hulitoa nje lililokuwa la ndani. Adhani amelihifadhi, kumbe amelitumia. Kila karani atamwita binti yake kwa neno ambalo zamani lilikuwa la watu wa nyumbani tu, na nyumba itabidi itafute neno jingine la kumbembelezea.

Wazee wetu wa pwani walilijua hili. Walitofautisha jina la utoto na jina la ukubwa. La kwanza lilikuwa la malezi, na la pili la kusimama nalo mbele ya watu. Kwa hiyo kosa la mapenzi lilikuwa na nafasi ya kusahihishwa. Siku hizi cheti huandikwa mtoto angali mchanga, na wino hauna jina la utoto. Ndiyo maana mzazi wa leo hana budi kufikiri mbali kuliko bibi yake. Akimwandika binti yake Kadogo au Bebi, ajiulize kama neno hilo litamfaa akiwa na wajukuu.

Msomaji mwerevu atatupinga: Je, Asha si Aisha lililobadilishwa na ndimi zetu? Fatuma si Fatima? Kweli, na hapana Mswahili aonaye kwamba Asha ni jina pungufu. Tunakubali. Muda na matumizi huweza kulikomaza jina, na huenda Dija nalo likakomaa hivyo. Lakini ukomavu huo ni kazi ya vizazi. Mzazi mmoja hawezi kuufanya kwa siku moja mezani pa mwandikishaji. Kwa sasa aliyepewa Khadija aweza kuwa Dija wakati wowote apendao, na aliyepewa Dija peke yake hana mlango kama huo. Kwa sababu hiyo twaona jina kamili ndilo bora, ingawa hatuthubutu kuuita mkato dhambi. Mtume s.a.w. alibadilisha majina yenye maana mbaya, kama Asiya, yaani mwasi, aliyemwita Jamila. Bilal na Umar hakuwabadilisha. Wale wanaoingia katika dini wakihofu kwamba sharti watupe majina waliyopewa na mababu zao na wazingatie hilo.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 7, na ule wa Afrika wa mwaka 1990, katika kifungu cha 6, yote miwili yasema mtoto ana haki ya jina tangu kuzaliwa. Haki ni ya mtoto. Mzazi ni mwenye kushika amana.

Na kama binti amekwisha andikwa Dija? Basi hilo ni jina lake, wala asiwepo mtu wa kumwambia kuwa hana jina. Asimuliwe alivyolipata, na Khadija alikuwa nani. Atakapokuwa mtu mzima, sheria humruhusu kulibadili kwa hati, akipenda. Na huenda asipende. Bwana mmoja wa Marekani alizaliwa akaitwa James Earl Carter. Alipoapishwa kuwa Rais mwezi Januari 1977, alitaka atajwe kwa mkato wa nyumbani, Jimmy, akala kiapo kwa jina hilo.