Nani Auzibue Mtaro?



Mzee mmoja akaaye katika bonde la Msimbazi, mjini Dar es Salaam, ametuletea swali, nasi tumekaa nalo mwezi mzima bila kulijibu, maana si jepesi kama tulivyodhani. Karibu na nyumba yake pana mtaro upelekao maji mtoni. Umejaa mchanga na taka hata mtoto aweza kuuvuka wakati wa kiangazi asilowe miguu. Kwa muda wa miaka mitatu majirani wameandika barua. Ofisi ya kwanza iliwaambia kwamba mtaro si wake, ni wa ofisi ya pili. Ofisi ya pili iliipokea barua, ikaipiga muhuri, ikanyamaza. Ya tatu ilimtuma kijana mwenye adabu, akapima kwa kamba, akaandika, akaenda zake, wala hajaonekana tena. Sasa vijana wa mtaa wasema, "Tushike majembe, tuchimbe wenyewe." Wazee wengine wakataa. Wasema, "Tukichimba leo, wataona kazi imekwisha, na mwaka ujao hawatatukumbuka kabisa. Kodi tumelipa; je, tulipe na migongo yetu pia?" Mzee atuuliza, katika hao wawili, mwenye haki ni nani?

Kwanza yatupasa kusema kwamba hasira ya wazee hao si ya bure. Ni rahisi kwa mtu akaaye juu penye upepo kumwambia wa bondeni avumilie. Mto Msimbazi si mto mkubwa. Watoka katika vilima vya upande wa Pugu na Kisarawe, wapita mjini, waingia baharini karibu na daraja la Salenda; mtu wa Rufiji akiuona katika kiangazi atacheka. Walakini mwezi wa Desemba 2011 mvua ya siku chache ilileta mafuriko, na watu zaidi ya 40 wakafa mjini humo. Jamaa nyingi zilizopoteza nyumba zilihamishiwa Mabwepande. Tangu wakati huo barabara ya Morogoro, pale Jangwani, imefungwa na maji mara nyingi, hata wasafiri wameizoea habari hiyo kama saa ya kanisa. Kwa hiyo mzee wetu haulizi juu ya uchafu unaochukiza macho tu. Auliza juu ya usiku ule atakaoamka na kukuta kitanda cha wajukuu kimeanza kuelea.

Na tufahamu jinsi mtaro unavyoziba, maana wengine hudhani ni bahati mbaya. Maji yashukayo kilimani hukimbia, nayo huchukua mchanga wa kila kiwanja kilichokwanguliwa ili kujengwa nyumba. Yakifika penye tambarare hupunguza mwendo. Na maji yaendayo polepole hayana nguvu ya kubeba mchanga, huuacha chini. Bahari nayo ikijaa huyazuia mlangoni. Hivyo mto hujiinulia kitanda chake mwaka kwa mwaka, na nafasi iliyo chini ya daraja huzidi kuwa ndogo. Basi mtaro haufanani na ukuta wa mawe, ujengwao mara moja. Wafanana na shamba, ambalo asiyelipalilia msimu huu hawezi kujisifu kwamba alilipalilia msimu uliopita. Twadhani hapa ndipo ofisi nyingi hujikwaa. Siku ya kufungua daraja huja wakubwa, na ngoma, na utepe wa kukatwa. Siku ya kuzibua haina mgeni wa heshima, wala hapana mtu aliyepata kuwekewa jiwe la ukumbusho kwa sababu alitoa tope. Hata kazi kubwa ya bonde hili, ambayo Benki ya Dunia ilikubali kuikopesha fedha mwaka 2022, twaitazamia kwa furaha. Lakini nayo ikiisha itataka mtu wa kutoa tope.

Wasomaji wetu wa Kilimanjaro watasema, "Mbona sisi hatukungoja ofisi?" Ni kweli. Wageni waliofika huko katika karne ya 19 waliistaajabia mifongo ya Wachaga, yaani mifereji iletayo maji toka makorongo ya mlimani hata migombani, mahali pengine ikivushwa juu ya bonde kwa magogo yaliyochongwa katikati. Kila mfongo ulikuwa na watu wake na mkubwa wake. Ukibomoka, wenyewe waliitwa, wakaja na majembe. Na asiyekuja bila sababu alitozwa, au zamu yake ya maji ikampita. Hapakuwa na barua wala muhuri.

Tulipoanza kuandika, tulitaka kumjibu mzee kwa mfano huo, kisha tuweke kalamu chini. Lakini tulipoutafakari tuliona kwamba haumfai. Mfongo huleta kitu ambacho kila mtu akitaka. Mvivu akinyimwa maji, migomba yake itamshuhudia. Mtaro huondoa kitu ambacho hapana mtu akitakaye. Maji machafu yakiisha kupita ukuta wangu, mimi nimepona, na shida imekuwa ya mwingine aliye chini, ambaye labda sijapata kumwona uso. Nikikataa kuchimba, hamwezi kuninyima kitu, kwa kuwa maji yangu yatashuka tu. Atakayeadhibiwa kwa uvivu wangu ni yule asiyekosa. Tena mfongo una watu wanaojuana tangu babu zao; bonde la mji lina watu elfu nyingi, wapangaji na wapita njia, na wa Pugu hamjui wa Jangwani.

Mtu mmoja wa Uskoti, David Hume, aliliona jambo hili zamani. Katika sehemu ya kitabu chake juu ya tabia ya mwanadamu iliyotolewa mwaka 1740, alieleza kwamba majirani wawili waweza kupatana kuondoa maji katika uwanja wao, kwa sababu kila mmoja ajua akiacha sehemu yake, kazi yote itaharibika. Lakini watu elfu hawawezi, maana kila mmoja atatafuta udhuru, akitumaini kuwatwika wengine mzigo wote. Ndiyo sababu, asema, watu wana serikali: madaraja yajengwe, mifereji ichimbwe, ingawa kila mtu peke yake ni mwenye kukwepa. Hatukubali kila neno la mtu huyo, lakini hapa alisema kweli. Nayo ikiwa ni kweli, kosa la ofisi inayolala ni kubwa kuliko tunavyolihesabu. Maana ofisi haikuachiwa kazi ambayo jirani mwema angeweza kuifanya akipenda. Imepewa ile ambayo majirani peke yao hawaiwezi.

Wahenga walituonya kwamba asiyeziba ufa atajenga ukuta; hawakutuambia, ukuta ukiwa wa watu wote, ufa ni wa nani. Siku hizi mito iko chini ya bodi za mabonde, kwa sheria ya mwaka 2009. Barabara kuu zina wakala wao. Barabara ndogo, pamoja na mitaro yake, zina wakala mwingine tangu mwaka 2017. Taka ni kazi ya halmashauri. Mgawanyo huu una akili yake, wala hatuulaumu. Lakini karai moja la tope, toka mlangoni kwa mzee hata baharini, laweza kupita katika mikono minne, na kila mkono waweza kusema kwa unyofu kwamba si wake.

Liko pia neno ambalo mzee hakutuandikia, nasi tukaliuliza. Nyumba yake iko mbali kadiri gani na mto? Akajibu kama hatua arobaini. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi za kudumu za watu ndani ya mita 60 toka ukingo. Basi ofisi yaweza kumwambia, "Wewe mwenyewe hukupaswa kuwapo." Mwezi wa Desemba 2015 nyumba nyingi za bondeni zilibomolewa kwa neno hilo. Hatusemi sheria ni mbaya. Mto wahitaji nafasi yake, na ukinyimwa huichukua. Lakini mtu aliyeuziwa kiwanja mchana mbele ya mashahidi, akafungiwa mita ya umeme, akatozwa kodi ya jengo, kisha akaambiwa hayupo anapoomba mtaro uzibuliwe, ameonewa. Aliyepo siku ya kulipa na awepo siku ya kuomba.

Sasa tujibu. Wazee wana haki katika neno moja: jirani akinilipia deni, mimi sijawa mtu mwema, na ofisi iliyofanyiwa kazi yake kimya kimya itajifunza kulala zaidi. Vijana wana haki katika neno jingine: mvua haingoji hesabu, na mtoto akizama hatuwezi kumwambia mama yake kwamba tulikuwa tukiilinda haki yetu. Hapo twawaunga vijana mkono bila shaka. Penye hatari ya uhai, chimba kwanza.

Lakini wasichimbe kwa siri. Mzee alitupa habari moja iliyotufunza kuliko vitabu. Mwaka mmoja vijana walifanya kazi Jumamosi nzima kwa mabeleshi na makarai, wakatoa tope na mchanga, wakaurundika ukingoni. Juma lililofuata ilinyesha mvua, nao wote ukarudi mtaroni. Hawakuwa wavivu. Hawakuwa na lori. Tope lililotolewa likiachwa ukingoni halijatolewa. Yapasa kuchukuliwa mbali, na hilo lahitaji gari, na mahali pa kumwaga palipokubaliwa, navyo havimo mkononi mwa mtaa. Majembe tunayo, lori hatuna. Basi barua isiyojibiwa kwa miaka mitatu na iandikwe upya. Isiombe tena kwamba mtaro uzibuliwe, neno pana ambalo kila ofisi yaweza kulipokea na kulisahau. Iseme, siku fulani, saa fulani, sisi watu kadha wa kadha tutachimba toka hapa hata pale. Twataka lori moja lije saa nane kuchukua tope. Na siku zetu za kazi tumeziandika, kwa kuwa ni deni lenu. Nakala iende kwa zile ofisi zote tatu na kwa diwani, ili kila mmoja ajue kwamba mwenzake ameipata.

Na mtaa nao ujikague. Mifuko ya plastiki ilikatazwa tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa zimebaki, na mzee akiri kwamba usiku wa mvua wako majirani wamwagao taka zao mtaroni ili maji yazichukue. Yazichukue wapi? Kwa huyo aliye chini.

Mzee ametuandikia tena juma hili. Wazee na vijana wamepatana Jumamosi moja ya Septemba, kabla ya mvua za vuli. Barua zimepelekwa kwa mkono, na kila moja imerudi na sahihi ya aliyeipokea. Lori halijaahidiwa. Wamekodi matoroli sita, ikiwa halitakuja.