Kumruhusu si Kumlinda

Ndugu msomaji, nina deni. Si lile la sukari dukani kwa Mangi. Hilo nalo lipo, lakini mwisho wa mwezi nitalimaliza. Deni ninalolisema ni la mtoto mmoja wa Darasa la Saba, na kwa kuwa sijui namna ya kulilipa, nimeona bora nilikiri hapa mbele yenu.

Mie ni mwalimu wa tuisheni. Saa kumi jioni watoto wa Darasa la Sita na la Saba hujazana barazani kwa mwenye nyumba wetu, huku Tandika, Temeke. Wengine hukalia mkeka, wengine ndoo zilizopinduliwa. Ubao wangu ni mlango wa zamani uliopakwa rangi nyeusi. Siku za wiki tunapambana na hesabu, Jumamosi tunapiga historia.

Jumamosi hiyo mada ilikuwa kuzaliwa kwa vyama vya siasa Tanganyika. Kwa mtoto anayewinda mtihani, mada hii ni mteremko. African Association, 1929. TANU, tarehe 7 Julai 1954. Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961. Kariri, andika, pata vema, nenda nyumbani ukale.

Lakini mie nilishikwa na tamaa ya kuwa mwalimu wa aina yake. Nikawaambia watoto kwamba TANU haikuwa peke yake uwanjani. Mwaka 1956 kilizaliwa chama cha UTP, kikibebwa na Gavana Twining, kikihubiri siasa ya mseto wa rangi. Halafu ikaja ile kura tatu. Serikali ya mkoloni iliweka sharti kwamba kila mpiga kura achague watu watatu kwa mpigo: Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Januari 1958 TANU ikakutana Tabora kuamua: tuingie au tugome? Wajumbe wengi walitaka kugoma. Mwalimu Nyerere akawashawishi waingie, wakaingia, na UTP ikaambulia patupu. Ila Zuberi Mtemvu, mmoja wa wanaTANU wa mwanzo, hakuafiki. Akatoka, akaanzisha chama chake, African National Congress, akisema Afrika ni ya Waafrika.

“Haya,” nikasema, “leo baraza hili ni Tabora. Nani atasimama upande wa kuingia?” Mikono ikawa msitu. “Na upande wa Mtemvu?” Kimya. Kila mmoja akakagua vidole vya miguu yake. Hatimaye kijana mmoja mwembamba, ambaye kwa kawaida humsikii mpaka umwite jina, akainuka.

“Mwalimu,” akasema, “mtu akikuambia huwezi kuingia nyumbani kwako mpaka umbebe na yeye mgongoni, ukambeba, si umeshakubali kwamba nyumba si yako?”

Bwana wee! Hoja ile sikumfundisha. Nilikuwa bado naitafuna mwenyewe, mara sauti ikatoka nyuma: “Msaliti!” Baraza zima likaangua kicheko. Na mimi, ndugu msomaji, nikacheka.

Hapo ndipo deni lilipoanza. Maana jina lile lilitoka barazani likaingia mtaani. Bombani, Msaliti. Kwenye chandimu, Msaliti, usimpe pasi huyo. Shuleni nako likamfuata. Jumamosi iliyofuata hakuja. Ya pili yake hakuja. Ya tatu akaja mama yake, ambaye huuza vitumbua alfajiri pale kituo cha daladala.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwalimu. Nimekuja kukuuliza jambo moja tu. Ulimwambia mwanangu aseme, akasema. Walipomvamia, mbona ulikuwa upande wao?”

Nikaanza kujitetea. Mama, nilimpa uhuru wa kusema. Sikumkataza neno. Sikumwadhibu. Mama akanisikiliza mpaka mwisho, akajifunga kanga yake vizuri, akasema, “Kumruhusu si kumlinda, mwanangu.” Akaaga, akaenda zake.

Tangu siku ile neno hilo halinipi usingizi. Hebu tujiulize: mwenye wengi nyuma yake ana wajibu gani kwa aliyebaki peke yake? Je, inatosha kumwambia sema tu, hatukuzuii?

Turudi kwa Mtemvu. Novemba 1962 alisimama kugombea urais dhidi ya Mwalimu. Hakuna aliyemzuia asigombee. Mwalimu alipata kura 1,127,978, Mtemvu akapata 21,276. Yaani karibu 98 katika kila mia zilikwenda upande mmoja. Mwaka wa 1965, katiba ya muda ikaweka chama kimoja kwa sheria, TANU kwa upande wa Bara na Afro-Shirazi kwa Zanzibar, na mlango ukafungwa. Sidai kwamba walio wengi walikosea. Huenda hata mimi ningekuwa mmoja wao, nikiimba na kupiga vigelegele. Ninachouliza ni kimoja: wale elfu ishirini na moja, asubuhi baada ya matokeo, walikuwa nani? Walikuwa raia wenye mawazo yao, au walikuwa wasaliti wa bombani?

Nilipoupeleka mjadala huu kijiweni kwetu, mzee mmoja alinijia juu. “Nyie watoto wa juzi,” akasema, “vyama mnavisoma tu. Waulizeni Wazanzibari.” Na mzee ana hoja. Visiwani, vyama vya ZNP na Afro-Shirazi viligawanya watu mpaka wakagomeana maduka. Baada ya uchaguzi wa Juni 1961 ziliibuka ghasia, watu 68 wakapoteza maisha. Mtu aliyeona hayo, ukimwambia upinzani ni mzuri, atakutazama kama mtu anayesifia moto ndani ya nyumba ya makuti. Umoja haukuwa wimbo tu. Ulikuwa dawa ya hofu ya kweli.

Lakini tusidhani hofu hiyo ni ya kwetu peke yetu. Wamarekani, ambao leo wanatembea dunia nzima wakifundisha watu demokrasia, nao waliviogopa vyama kama ugonjwa. George Washington, alipokuwa akiaga mwaka 1796, aliwaonya wananchi wake juu ya ubaya wa makundi ya kisiasa. Wakati huo makundi yalikuwa yameshaota mizizi: watu wa Hamilton huku, watu wa Jefferson kule. Mwaka 1798, chini ya Rais John Adams, ikapitishwa sheria ya kuwabana walioikashifu serikali, na wahariri wa magazeti wakafungwa. Kwao pia mpinzani alikuwa ni msaliti. Kisha Jefferson akashinda, na Machi 1801 akaingia madarakani bila risasi kulia. Adams hakukaa kumshuhudia mwenzake akiapishwa. Aliondoka mjini kabla hakujapambazuka. Alinuna, lakini aliondoka. Katika kununa na kuondoka kule ndimo lilimokuwa somo zima.

Na sisi tuna somo letu, ambalo naona hatulisifu inavyostahili. Mwaka 1990 ni Mwalimu yuleyule aliyesema si dhambi kujadili vyama vingi. Mwaka 1991 Rais Mwinyi akaunda tume chini ya Jaji Francis Nyalali izunguke nchi nzima kuwauliza wananchi. Takriban wanane katika kila kumi wakasema tubaki na chama kimoja. Wawili tu ndio waliotaka vingi. Pamoja na hayo, tume ikapendekeza vyama vingi, na tarehe 1 Julai 1992 mlango uliofungwa mwaka 1965 ukafunguliwa.

Wapo wanaosema hapo demokrasia ilivunjwa: wengi wamesema, wachache wakasikilizwa! Nami niliwahi kubishana hivyo na washikaji mpaka daladala za mwisho zikaondoka. Leo naliona jambo hili kwa jicho la mama muuza vitumbua. Mambo mengi huamuliwa kwa wingi: barabara ipite wapi, kodi iwe kiasi gani, nani aongoze. Lakini kama wawili wale wanaruhusiwa kuwapo, hilo haliwezi kupigiwa kura na wanane. Haki ya mtu kubaki peke yake si zawadi ya walio wengi, kwani ingekuwa zawadi, wangeweza kuichukua tena siku wakichukia.

Basi na kuandika sheria ni nusu ya kazi. Sheria huruhusu. Kulinda hufanywa na watu: na jirani anayeendelea kukuomba chumvi ingawa bendera mlizopeperusha ni tofauti, na mwalimu ambaye, neno “msaliti” likirushwa, hacheki.

Ile Jumamosi ya nne nilibadilishana na watoto. Wao wakakaa upande wa wengi, mie nikasimama upande wa Mtemvu. Nikaomba radhi kwanza, mbele yao wote, kwa kicheko changu. Wengine walidhani natania. Tukaweka na kanuni ambayo ipo mpaka leo: kabla hujampinga mwenzako, yaseme tena aliyoyasema, mpaka mwenyewe akubali, “Ndiyo, hivyo ndivyo nilivyosema.” Kanuni hii inachosha, na silabasi haitusubiri. Mzazi mmoja amekwisha kunilalamikia kwamba nawafundisha watoto siasa badala ya majibu. Pengine ni kweli, na mtihani ukifika mwanawe atanidai.

Kijana wangu amerudi. Hukaa karibu na nguzo ya mwisho, daftari magotini, na hujibu vizuri nikimwuliza mwaka au jina. Nikiuliza, “Nani ana mawazo tofauti?” huinamisha kichwa.

Kila Jumamosi nauliza. Mpaka leo hajanyoosha mkono.