Merikebu Ikapotea, Watu Wakaokoka
(Matendo ya Mitume 27)



Mwezi uliopita, tulipokuwa tukirudi Tingi, lori liliigonga motokaa yetu karibu na Nangurukuru. Ubavu wake mmoja ukaharibika kabisa. Sisi sote watano tukatoka wazima. Siku ile tulimshukuru Mungu, lakini kesho yake tukaanza kunung'unika, maana deni la motokaa hiyo halijaisha.

Mwana wetu alikuwa akiunga kwa gundi vipande vya mfano wa chombo cha angani, Apollo 13 ya mwaka 1970. Akatuonyesha: "Baba, sehemu hii ilipasuka, na hii iliachwa njiani. Kilichorudi duniani ni hiki kidogo tu, na watu watatu ndani yake."

Tukanyamaza. Sura hii tumeihubiri mara nyingi: watu 276 walifika pwani wazima, na merikebu ikapotea, kama Paulo alivyokwisha kuwaambia. Mwenye merikebu naye alikuwamo safarini. Huenda alilia, nasi hatumlaumu.

Jumapili tulikwenda kanisani kwa miguu. Mtoto alibeba chombo chake kwa mikono miwili, kwa kuwa gundi ilikuwa haijakauka.