Ni Kadari au Ni Pasipoti?

Ifikapo Machi, majibu ya maombi ya utafiti wa kiangazi huanza kuwafikia wanafunzi wa Dubai International Academic City, kule matawi ya vyuo vya Uingereza na India yalikojipanga pembezoni mwa jiji. Kijana wa Mombasa au Dar es Salaam anayesomea digrii ya kwanza hapo hufungua barua pepe, akafika sentensi ya pili, akaifunga. Kisha humpigia mama. Jibu la mama analijua hata kabla ya simu kupokelewa: haikuandikwa, mwanangu, riziki haivutwi kwa kamba.

Maneno hayo yana upole wake. Kuamini kadari ni nguzo ya sita ya imani ya Kiislamu, na hakuna anayetaka kuing'oa hapa. Lakini je, ni haki kuita kila mlango uliofungwa kadari na kuishia hapo?

Chukua REU, mpango wa Marekani wa utafiti kwa wanafunzi wa digrii ya kwanza, ulioanza mwaka 1987. Posho yake hutoka katika fedha za serikali, na kanuni imeandikwa waziwazi: ni kwa raia na wakaazi wa kudumu wa nchi hiyo. Mpango wa RISE Germany wa shirika la Ujerumani la DAAD nao huwalenga wanafunzi wa Amerika Kaskazini, Uingereza na Ayalandi. Mwenye pasipoti ya Kenya anayesoma Dubai akiomba REU na kukataliwa, hakupimwa akili wala bidii. Huenda ombi lake hata halikusomwa. Kumwambia kwamba Mungu hakumwandikia ni kumsingizia Mungu uamuzi wa kamati. (Walipa kodi wa Marekani wana haki ya kuanza na watoto wao, hilo halina ugomvi.)

Masahaba walilijadili jambo hili la kadari kwa ukali zaidi kuliko tunavyolijadili sisi. Karibu mwaka 639, khalifa Umar bin Khattab akiwa njiani kwenda Sham, alifika Sargh akapata habari kwamba huko mbele kuna tauni. Akaamua kurudi. Abu Ubaida, jemadari wake wa Sham, akamuuliza: unaikimbia kadari ya Mungu? Umar akamjibu kwamba anaitoka kadari moja kuiendea nyingine, kisha akampa mfano. Mtu ameshuka na ngamia wake kwenye bonde lenye pande mbili, mmoja una majani, mwingine mkavu. Popote atakapolisha, si atakuwa amelisha kwa kadari ya Mungu?

Mfano huo haumruhusu mchungaji kuwaacha ngamia upande mkavu na kuita njaa yao kadari. Na pande zenye majani zipo. Taasisi ya OIST kule Okinawa, Japani, hupokea wanafunzi wa utafiti wa uraia wowote na kuwalipa posho. Taasisi ya utafiti ya ISTA ya Austria hali kadhalika. Maabara ya CERN ya Geneva ina nafasi za kiangazi hata kwa wanaotoka nchi zisizo wanachama. Karibu zaidi, chuo cha KAUST cha Saudi Arabia hupokea wanafunzi wageni wa utafiti, na Abu Dhabi, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari, chuo cha MBZUAI kina mpango wa kiangazi wa akili mnemba kwa wanafunzi wa digrii ya kwanza.

Kusafiri kufuata elimu si jambo geni kwetu. Ule usemi maarufu wa kuitafuta elimu hata Uchina, Ibn al-Jawzi aliuweka miongoni mwa hadithi za kuzushwa. Lakini safari zenyewe hazikuzushwa. Sahaba Jabir bin Abdullah alinunua ngamia akasafiri mwezi mzima hadi Sham kusikia hadithi moja tu. Ahmad bin Sumait, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861 na kuwa kadhi mashuhuri wa Unguja, alikwenda Istanbul na Cairo kutafuta walimu. Na Jabir alijua anamwendea nani kabla ya kufunga mizigo.

Basi msomaji mwenye mtoto au mdogo wake chuoni Dubai amwombee dua, kisha amwulize kama amesoma kipengele cha uraia kabla ya kuandika barua ya maombi. Na amwulize mapema: mingi ya mipango hii hufunga maombi kati ya Novemba na Februari, miezi kadhaa kabla joto la Dubai halijapanda.