Usinunue Kasi Ambayo Mashine Yako Haiwezi Kuibeba

Ndugu zangu, nawasihi: kabla hamjalipia RAM, yaani kumbukumbu ya kazi ya kompyuta, isomeni mashine. Mwanafunzi unayeandika tasnifu kwenye kompyuta mpakato ya mtumba, karani unayesubiri jedwali lifunguke huku mteja anakukodolea macho, mpiga picha wa harusi unayehariri usiku kucha, neno hili ni lenu. Fedha mnazozipeleka kwenye maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, hamkuziokota. Zimetoka jasho. Zisipotelee kwenye namba iliyochapwa juu ya kibandiko, namba ambayo mashine yenu haitaifikia hata siku moja.

Kuna imani potofu inayotembea madukani, kwamba RAM yenye kasi kubwa ndiyo RAM bora kwa kila mtu. Mteja anaingia, anaulizwa anataka ipi, anajibu, "Nipe ile ya juu kabisa." Anapewa kipande chenye kasi ya 3200. Anakwenda kukipachika kwenye ThinkPad T480, mashine ambayo kumbukumbu yake huishia 2400. Kompyuta inawaka, naye anafurahi. Lakini kipande kile kitakwenda kwa 2400 leo, kesho na mpaka siku mashine itakapokufa. Kama aliongeza hela kwa ajili ya ile 3200, nyongeza hiyo ameitupa.

Nani ameamua hivyo? Ni kidhibiti cha kumbukumbu kilichomo ndani ya prosesa. Kila kipande cha RAM kina chipu ndogo inayobeba maelezo yake: ukubwa, kasi na muda kinaochukua kabla ya kujibu. Mashine ikiwashwa, BIOS, programu inayoiamsha kompyuta, inayasoma maelezo hayo, inayapima na uwezo wa prosesa, kisha inachagua mwendo ambao pande zote zinaumudu. Hapo bei uliyolipa haina sauti.

Na mkichanganya vipande viwili vya kasi tofauti, sheria ni ileile. Watazameni wachukuzi wawili waliobeba mzigo kwa mti mmoja: wa mbele hata awe na mbio za swala, mzigo utafika kwa mwendo wa yule wa nyuma anayejikongoja. Mwenye kipande cha 2400 akiongeza cha 2133, vyote viwili vitakwenda kwa 2133. Hiyo ni pale mambo yanapokwenda vizuri. Yasipokwenda vizuri, utapata kioo cheusi, milio ya onyo, au kompyuta inayojizima katikati ya kazi ambayo hukuihifadhi.

Basi jifunzeni kusoma kibandiko, maana kimeandikwa kwa ajili yenu. Chukua kipande kilichoandikwa 8GB 1Rx8 PC4-2400T. Hiyo 8GB ni ukubwa. PC4 inakuambia ni kizazi cha DDR4. 2400 ndiyo kasi: madukani wanaiita megahezi, lakini hasa ni mara milioni 2,400 za kusafirisha data kwa kila sekunde. Sasa chukua kingine cha zamani kidogo, PC3L-12800S, yaani cha DDR3L. Hapa usidhani umepata kasi ya 12,800. Namba hiyo ni megabaiti zinazoweza kupita kwa sekunde; igawanye kwa 8 upate 1600, na hiyo ndiyo kasi yake. Hesabu ya darasa la nne inatosha kukulinda. Kuna visingizio vingi duniani, ila kutojua kugawanya kwa nane kusiwe kimojawapo.

Na ile herufi L, jamani, msiipite! Ina uzito zaidi kuliko namba zote zinazoifuata. DDR3 ya kawaida hutumia volti 1.5, DDR3L hutumia 1.35. Kompyuta mpakato nyingi zenye prosesa za Intel za kizazi cha nne, kama EliteBook 840 G1, zinataka hiyo yenye L. Ukiweka isiyo na L, inaingia kwenye sloti bila shida, maana umbo ni moja na pini ni 204 zilezile, halafu mashine inagoma kuwaka. Mwenye mali anaanza kulia kwamba bodi imekufa, kumbe ni herufi moja. DDR4 ya kompyuta mpakato ina pini 260 na DDR5 ina 262, na pengo la katikati limehamishwa makusudi ili vizazi visiingiliane. Kipande kikigoma kuingia, usikilazimishe. Mashine inakuonya.

Wapo watakaoniuliza: je, kasi haina maana? Ina maana, lakini ina zamu yake. Ukubwa utangulie. Mashine yenye 4GB ikijaa, Windows huanza kuhamishia mizigo kwenye diski. RAM ya 2400 inaweza kupitisha megabaiti 19,200 kwa sekunde. Diski ya kawaida ya kuzunguka hupitisha mia moja na kitu. Hapo ndipo kompyuta inapoganda na wewe unaibonyeza kwa hasira. Kutoka 4GB kwenda 8GB au 16GB utakuona kwa macho. Kutoka 2133 kwenda 2400, kwa kazi za ofisini, hutakuhisi.

Ukubwa ukishatosha, tafuta ulinganifu. Vipande viwili vya ukubwa mmoja na kasi moja hufungua njia mbili za data kwa pamoja. Anayehariri video au kucheza michezo kwenye kompyuta isiyo na kadi yake ya picha atanufaika zaidi, kwa sababu picha nazo zinakula kwenye RAM hiyohiyo.

Sasa tendeni. Nyumbani, kabla ya kupanda daladala au matatu, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufungue ukurasa wa kumbukumbu kwenye Task Manager. Utaona kasi inayotumika sasa na sloti ngapi zimejaa. Andika jina kamili la mashine, maana EliteBook 840 G1 na 840 G3 ni ndugu wa jina tu: ya kwanza ni DDR3L, ya pili ni DDR4. Tafuta mwongozo wa kiwanda uone kikomo. Chunguza pia kama RAM imechomelewa kwenye bodi: MacBook Air zote ziko hivyo, na hapo hakuna cha kuongeza; ThinkPad T440s nayo ina 4GB zilizochomelewa na sloti moja tu. Ukiweza, chomoa kipande cha zamani uende nacho dukani, ukiweke kaunta kando ya kipya, usome viwili hivyo mstari kwa mstari. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kulipa bila kuuliza.

Nanyi mafundi, nawageukia kwa heshima, kwa sababu watu wamewakabidhi riziki zao. Ondoeni umeme wa betri kwanza, guseni chuma ili umeme tuli utoke mwilini, ingizeni kipande kwa mshazari, kisha kikandamizeni mpaka vishikizo vya pembeni vilie. Msimrudishie mtu mashine kwa sababu tu imewaka. Iacheni MemTest86, programu ya kupima RAM, imalize duru nzima, kisha mwonyesheni mteja kwenye kioo kasi aliyoipata. Nanyi wauzaji, mteja akiomba namba kubwa kuliko uwezo wa mashine yake, mwambieni ukweli hata kama faida itapungua. Atarudi kwenu, na atawaleta wenzake.

Ndugu zangu, kikomo cha mashine si aibu. T480 yenye 16GB za 2400 zilizolingana itamfikisha mwanafunzi kwenye shahada yake, na EliteBook kongwe yenye DDR3L sahihi bado itaendesha hesabu za duka zima. Ijueni mashine mliyo nayo na muilipie inachoweza kukibeba. Anzeni leo: washeni kompyuta, someni kasi yake, iandikeni kwenye karatasi, na mtu asitoe hata shilingi kabla karatasi hiyo haijawa mkononi mwake.