Ramadhani ya 24: Uchafu wa zulia umekwenda wapi?



Idd inabisha hodi, mazulia yanatolewa nje. Wa Mbinga mjini anafulia uani. Wa Mbamba Bay analiona ziwa hilo hapo, anajitwika zulia na sabuni ya unga mpaka ufukweni. Povu linaelea, zulia linang'aa, anarudi nyumbani moyo mweupe.

Hebu jiulize: ule uchafu umekwenda wapi? Pale pale jirani anachota maji ya kupikia. Na Ziwa Nyasa lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Shire, kule Malawi. Tunachomwaga hakiondoki upesi.

Anayejua kutunza zulia la Kiajemi huanza kwa kukung'uta vumbi likiwa kavu. Ukiwahi maji, vumbi linakuwa tope ndani ya nyuzi. Ukikung'uta vizuri, maji kidogo yanatosha, nayo uyamwage mbali. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kuharibu ufukwe ndani ya mita 60.

Toba nayo ni hivyo hivyo. Tunalia kwenye tahajudi, huku uchafu wetu tumewaachia wengine: deni, kashfa, mshahara wa dada wa kazi. Mtume (s.a.w.) alituonya kuhusu mufilisi anayekuja Kiyama na swala na funga zake, kisha thawabu zake wakagawiwa aliowadhulumu.

Leo, kabla ya futari, mpigie simu mmoja anayekudai haki yake. Likung'ute hilo kwanza.

Allah atutakabalie. Aamin.